Farasi wa mbio akishaletwa pwani, ni nani anayewajibika?

Barobaro wa Mtopanga ameuliza:

Assalaam aleikum jamaa. Naomba mwenye kujua mambo ya farasi anijibu kwa urefu, nina jambo linaninyima usingizi.

Mie hushika kamba ya farasi ufukweni, Bamburi mpaka Nyali. Mgeni hupanda, mie huongoza, tunakwenda na kurudi wakati maji yamekupwa na mchanga umekaza. Watalii wakipungua wenyeji ndio hutubeba: Jumapili, sikukuu, na Idd ndiyo usiseme. Ni kazi ninayoipenda na sitaki nyingine.

Sasa mwenye farasi ameletewa jike kutoka Nairobi. Rangi ya hudhurungi, kichwa chepesi, miguu mirefu. Ukimtazama tu unajua hakuzaliwa kubeba watoto wa likizo. Waliomleta walisema alikuwa wa mbio na sasa amepumzishwa. Karatasi hakuna hata moja. Jina lake la mbio hatulijui, umri tumekisia kwa meno, chanjo hatujui alichanjwa nini wala lini, na sababu ya kutolewa mbioni hakuna aliyeitaja. Tumempa jina Zaituni.

Mambo mawili yananitia wasiwasi. Mguu wa mbele wa kushoto, nyuma ya muundi, pana uvimbe uliojipinda kwa nje. Asubuhi uko kawaida, lakini jioni baada ya kazi nikiweka mgongo wa kiganja nasikia joto. La pili ni jasho. Saa sita za mchana wenzake wanatiririka, yeye ngozi kavu kabisa, mbavu zinapanda na kushuka, pua zimetanuka. Watu wananisifia eti huyu ana pumzi, hata jasho hatoki. Mie nikimtazama machoni naona anateseka.

Nimemwambia mwenye mali. Anasema aliuziwa farasi mzima. Banda lililomuuza linasema biashara iliisha siku ile. Basi kila mmoja kanawa mikono na kamba imebaki kwangu.

Swali langu: nchi ambazo mbio za farasi ni jambo la taifa, kama Uingereza na Marekani, farasi akimaliza mbio nani anawajibika? Na hapa kwetu kosa liko wapi hasa, ni watu au ni jinsi mchezo wenyewe unavyoendeshwa? Kazini kuna mzee hunijibu kwamba mbio za farasi Kenya zilikwisha zamani, nisijisumbue. Lakini farasi yuko hapa, anakula, na akisikia mlio wa ndoo anageuza shingo kunitafuta.

Mchuuzi wa Kongowea:

Kaka, moyo wako ni mzuri, na sikubezi. Lakini tuambiane ukweli: mbio za farasi ni starehe ya wenye nacho. Hapa sokoni kuna hamali anasukuma mkokoteni tangu alfajiri, na hakuna tume wala chama kinachouliza kiuno chake kinaumaje. Kwa nini sisi ndio tukeshe kwa ajili ya farasi wa tajiri wa Nairobi? Mwenye mali amuuze, yaishe.

Saisi wa Mikindani:

Mchuuzi, nimekusikia, nitarudi kwako. Nianze na kijana.

Waaleikum salaam mwanangu. Nimefanya usaisi, kazi ya kutunza farasi bandani, tangu sijaota ndevu mpaka zilipoingia mvi, kwenye mabanda ya bara, na sasa nimerudi nyumbani. Nitaanza na farasi, mchezo baadaye, kwa kuwa farasi hawezi kungoja.

Huyo jike ameacha kutoka jasho. Humpata farasi aliyezoea hewa ya bara akiletwa kwenye joto lenye unyevu kama letu. Farasi hupoza mwili kwa jasho. Jasho likigoma, joto linabaki ndani, na akifanyishwa kazi juani anaweza kuanguka akafa. Dawa ya uhakika sijapata kuiona. Kazi yake iwe alfajiri au jua likishazama, na sasa hivi hata hiyo asifanye. Mmwagie maji mwili mzima, kamua kwa kiganja yale yaliyobaki juu ya ngozi maana yamekwisha pata moto, kisha mmwagie mengine. Kivuli chenye upepo. Chumvi kwenye chakula, na ndoo ya maji isikauke. Wako ambao hawarudi sawa mpaka warudishwe bara, ujue hilo mapema.

Uvimbe wa mguu ni kano lililochanika. Hapo ndipo ulipo usemi wa "amepumzishwa", sihitaji karatasi kunieleza. Kano huchukua miezi mingi kupona, na likipona haliwi tena lile la kwanza. Mchanga mkavu unaotitia ndio adui yake mkubwa. Mpitishe kwenye mchanga mgumu wenye maji, taratibu, bila mtu mgongoni, na jioni msimamishe baharini maji yafike magotini. Bahari yetu ina uvuguvugu, lakini ni baridi kuliko mguu wenye moto. Daktari wa mifugo amwone kabla hajabeba mtu yeyote.

Na jambo la tatu hukuliuliza. Nyasi zake mnaziweka wapi? Kama ni chini mchangani, acheni leo. Chukua mavi mabichi, yale ya juu ambayo hayajagusa ardhi, yatie kwenye ndoo ya maji, koroga, yaache yatulie, kisha mwaga maji polepole. Ukikuta mchanga umetuama chini ya ndoo, ujue umo tumboni mwake pia, na mchanga tumboni huua farasi kwa msokoto. Nimezika farasi wa namna hiyo.

Mwenye mali mwambie kwa adabu, ikiwezekana mbele ya mtu mzima mwingine: sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Cap 360, inakataza kumfanyisha kazi mnyama asiyeweza kwa ugonjwa au jeraha. Usimtishe. Mkumbushe tu.

Sasa mchezo wenyewe.

Uingereza, ambako mbio hizi tulizirithi, Jockey Club ilianza karibu mwaka 1750. Ilikuwa klabu ya mabwana wenye farasi, na polepole wakawa wao ndio wenye viwanja, wao ndio watunga kanuni, na wao ndio mahakimu mtu akizivunja. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 2006 walipouachia usimamizi, na mwaka 2007 ikaundwa British Horseracing Authority. Leo Jockey Club ina viwanja vyake 15, Epsom, Aintree na Cheltenham vikiwemo, lakini kanuni na hukumu ziko kwa wengine. Zaidi ya miaka 250 kukubali kwamba mwenye duka asijikague mwenyewe mizani!

Na hata baada ya hapo hawakupona. Julai 2021 BBC ilionyesha farasi wa mbio, wengi wao wa kutoka Ireland, wakichinjwa kwenye machinjio ya Uingereza. Wengine walikuwa wamewahi kushinda. Watu walishtuka, na tangu Januari 2022 farasi haruhusiwi kukimbia Uingereza mpaka paspoti yake iandikwe kwamba nyama yake haitaliwa na binadamu. Tazama hapo: kanuni hiyo iliwezekana kwa sababu farasi ana paspoti. Ana kitabu chenye jina, wazazi, alama za mwili, chanjo, na chipu shingoni inayosomwa kwa kifaa. Zaituni wako hana hata kipande cha karatasi. Kwa hiyo hata tungekuwa na kanuni nzuri kuliko zote duniani, kwake ingeshika wapi?

Marekani tatizo lilikuwa jingine. Kila jimbo lenye mbio lilikuwa na tume yake na kanuni zake, majimbo 38. Dawa iliyokatazwa hapa, ng'ambo ya mpaka ilikubaliwa kwa kipimo fulani. Mkufunzi akifungiwa huku, mawakili wake walijua pa kupenyea. Machi 2020 serikali iliwashtaki wakufunzi, madaktari na wauza dawa zaidi ya 20 kwa mpigo. Mkufunzi Jorge Navarro akafungwa miaka 5, Jason Servis miaka 4. Desemba ya mwaka huo huo sheria ikapita ya kuunda msimamizi mmoja wa taifa, HISA, ambaye kanuni zake za usalama zilianza Julai 2022 na za dawa Mei 2023. Mwezi huo huo wa Mei, Churchill Downs, uwanja wa mbio mashuhuri za Kentucky Derby, walikuwa wanahesabu farasi 12 waliokufa katika majuma machache, mpaka wakahamishia mbio uwanja mwingine. Lakini hesabu zimeshuka. Mwaka 2009 walikufa farasi 2 katika kila mara 1,000 farasi anapoingia mbioni. Mwaka 2024, kwenye viwanja vilivyo chini ya HISA, walikuwa 0.90.

Nataka uelewe kwa nini wanakufa, kwa sababu hapa ndipo saisi anapoingia. Mfupa wa farasi hauvunjiki ghafla kama watazamaji wanavyodhani. Mara nyingi umeanza kupata nyufa ndogo mazoezini, wiki na wiki. Mwili unapiga kelele kwa joto na maumivu. Sasa mtu akichoma sindano kwenye kiungo, maumivu yanazimwa, nyufa zinabaki, na farasi anakimbia kwa nguvu zote juu ya mfupa mbovu. Ndiyo maana ugomvi wa dawa ni mkali kuliko ugomvi wa kudanganya matokeo.

Na nani hulisikia lile joto wa kwanza? Saisi. Saa kumi na moja alfajiri, kabla mkufunzi hajanywa chai, nilikuwa nachuchumaa kwenye kila banda, natelezesha kiganja toka gotini mpaka kwenye kifundo, mguu wa kushoto kisha wa kulia, nalinganisha. Ukizoea, tofauti ndogo unaipata kabla uvimbe haujaonekana. Kuna asubuhi nilimwambia bwana mmoja, mguu huu leo una joto. Akaushika, akasema, "Jumapili anakimbia." Alikimbia kweli, na Jumatatu banda lake lilikuwa tupu. Niliyoyasema hayakuandikwa popote. Hakukuwa na daftari la saisi, hakukuwa na sahihi ya saisi, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Nimefanya kazi hiyo umri wangu wote na sijapata kuulizwa na mtu wa kanuni hata siku moja.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la watu au mpangilio. Watu wema nimewaona wengi. Nimeona mwenye farasi akilala bandani na farasi wake mgonjwa. Mpangilio ndio mbovu: maarifa yako kwa aliye chini, maamuzi yako kwa aliye juu, na katikati hakuna kalamu.

Kwetu Kenya inazidi kwa sababu mchezo umesinyaa. Zamani kulikuwa na mbio Nakuru na Limuru pia. Sasa uwanja ni Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954. Jockey Club of Kenya ndiyo inayoandaa mbio na ndiyo inayosimamia kanuni zake. Simtuhumu mtu. Nasema tu pale ambapo wote wanajuana, na wenye farasi ni wachache kiasi kwamba ukimkera mmoja mbio inakosa wakimbiaji, ni vigumu kwa binadamu yeyote kumwambia mwenzake "farasi huyu haingii". Tena farasi wetu hawana pa kwenda. Huku Afrika tuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi, na nchi za nje zinauogopa, hivyo kumpeleka farasi ng'ambo kuna vizuizi vingi na karantini. Basi akimaliza mbio anabaki humu humu: polo, shule ya kufundisha kupanda, kuzalishwa, au kushushwa kwako Bamburi. Banda lenye njaa halichagui mnunuzi.

Mchuuzi, sasa wewe. Hamali na saisi wana shida moja, kwamba hakuna anayewauliza. Ukisema tuache farasi kwa sababu ni wa tajiri, unamwacha na kijana huyu wa kushika kamba. Zaituni akianguka na mtoto wa mtu mgongoni, polisi watamchukua nani? Tajiri wa Nairobi?

Mchuuzi wa Kongowea:

Hapo kwa mtoto umenifunga, mzee. Sikuwa nimeufikiria upande huo.

Binti wa Tudor:

Shikamoo mzee Saisi. Nimesoma maneno yako mara mbili. Niongeze upande wa pesa, kwa kuwa ndio ninaouona kila siku.

Nakaa kaunta ya duka la kubeti hapa mjini. Kwenye skrini yetu farasi hukimbia kila baada ya dakika chache, kutwa kucha. Ni farasi wa kompyuta. Wana majina, wana rangi za nguo za mpandaji, kuna hata sauti ya mtangazaji. Vijana wa rika la Barobaro huweka dau la shilingi hamsini, mia, wanapigia kelele namba nne. Wengi wao hawajapata kumwona farasi ila hao wa ufukweni. Pesa ile hailipi saisi, hailipi nyasi, kwa sababu hakuna farasi. Na zile zinazobaki zinakwenda kwenye mpira wa Ulaya.

Uingereza waliliona hili mapema. Walipohalalisha maduka ya kubeti mwaka 1961 waliweka na tozo ya lazima: anayefanya biashara kwa mbio lazima arudishe sehemu kwenye mbio. Leo ni asilimia 10 ya faida ambayo kampuni inaipata kwa dau la mbio za Uingereza, ile inayozidi pauni 500,000, na tangu mwaka 2017 hata kampuni zilizojificha visiwani zinalipa. Hiyo ndiyo hulipia zawadi, madaktari wa uwanjani na vipimo vya dawa. Bado watu wa mbio na serikali wanagombana. Tarehe 10 Septemba 2025 watu wa mbio waligoma siku nzima, hawakukimbiza farasi hata mmoja, wakipinga mpango wa serikali wa kuunganisha kodi za kamari za mtandaoni, kwa hofu kwamba mbio zingebanwa zaidi.

Kwetu sheria ya kamari iliyotumika ni ya mwaka 1966, na Agosti 2025 ndipo ikasainiwa mpya. Miaka yote hiyo mjadala wetu umekuwa asilimia ngapi serikali ichukue kwa mchezaji. Sijasikia mtu akiuliza ni kiasi gani kirudi kwa anayefanya mchezo wenyewe uwepo, awe mchezaji wa mpira wa mtaani au farasi.

Lakini mzee, kuna pahali sikubaliani nawe. Umesema mwenye duka asijikague mizani. Hong Kong je? Klabu yao, iliyoanza mwaka 1884, inafanya yote: ina viwanja, ina kanuni, na ndiyo peke yake inayoruhusiwa kupokea dau la mbio za farasi. Na mbio zao husifiwa kwa vipimo na nidhamu. Tofauti ni kwamba haigawi faida kwa mtu. Ziada inalipa kodi na inaingia kwenye misaada. Mie naona kuliko kutenganisha ofisi, tuulize kwanza faida inaingia mfuko wa nani.

Saisi wa Mikindani:

Marahaba binti yangu. Hoja yako ina uzito na siikatai. Ila Hong Kong ni mji mmoja, farasi wote wanalala mahali panapojulikana, na daktari wa klabu anajua kila mguu. Kujikagua kwao kunafanyika hadharani mbele ya mamilioni ya wanaobeti. Kwetu nani anatazama? Niletee macho hayo kwanza, kisha ofisi ziwe moja au kumi, sitabisha.

Na pesa peke yake haitoshi. Singapore walikuwa na pesa. Juni 2023 wakatangaza kwamba uwanja wa Kranji utarudishwa kwa serikali kwa ajili ya nyumba, mbio ya mwisho ikakimbizwa tarehe 5 Oktoba 2024, mchezo wa zaidi ya miaka 180 ukaisha. Angalau walipewa muda wa kuwahamisha farasi, na kila farasi alikuwa na kitabu, hivyo mtu aliweza kuuliza huyu amekwenda wapi. Uwanja unaweza kufungwa. Kitu ninachokililia mie ni kitabu.

Mzaliwa wa Shela:

Nimepita tu, nisiache bila kusema. Kwetu Lamu mbio ni za punda, siku za Maulidi, na mshindi mji mzima humjua kwa jina. Tangu mwaka 1987 tuna kliniki ya bure ya punda. Punda akichechemea anapelekwa, na mwenye punda hana cha kujitetea kwamba hakuwa na pesa.

Halafu tazama bara kilichotokea. Machinjio manne yalifunguliwa kuanzia mwaka 2016, ngozi zikaenda China kutengenezea dawa, na watu wakawa wanaamka asubuhi wanakuta punda wao amechunwa porini na mzoga umeachwa. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku, mwaka 2021 mahakama ikaiondoa marufuku hiyo, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi kwa miaka 15. Wakati wote huo mwenye punda aliyeibiwa hakuwa na cha kuonyesha kwamba punda ni wake. Mzee Saisi akisema kitabu, mie namwelewa sana.

Barobaro wa Mtopanga:

Shukrani nyote, na wewe mzee wangu Mungu akuweke.

Nimefanya ya ndoo. Mchanga umekaa chini, tabaka la kidole kizima. Nimemwonyesha mwenye mali kwa macho yake na akanyamaza muda mrefu. Sasa tumefunga pipa nusu ukutani, nyasi zinawekwa humo. Daktari wa mifugo amekuja, amethibitisha ni kano, na amesema asipandwe mpaka atakapomtazama tena. Kuhusu jasho amesema yale yale uliyosema. Mwenye mali amekubali apumzike, lakini ananiuliza kila siku nani atalipa chakula cha farasi asiyeingiza kitu.

Bandani kwao Nairobi nimepiga tena simu nikaomba kitabu. Mara hii sauti ilibadilika kidogo. Wakasema watatafuta. Je, kama wasipokipata, kuna njia nyingine ya kumjua huyu ni nani? Daktari hakuwa na kifaa cha kusoma chipu.

Saisi wa Mikindani:

Ipo. Farasi wa mbio huandikwa kwa alama zake tangu mtoto, na alama hizo hazibadiliki. Tazama vizingo vya nywele, pale nywele zinapozunguka: kwenye paji, pande zote mbili za shingo, kifuani, na mbavuni karibu na kiuno. Viandike vyote, vya paji viko juu au chini ya mstari wa macho, na vingine viko kushoto au kulia. Kisha weupe wowote, hata wa upana wa kucha, kwenye pua, paji na miguu, na umefika wapi. Piga picha nne: ubavu huu, ubavu ule, mbele, nyuma, farasi amesimama sawasawa mahali pa saruji, si mchangani ambako kwato hazionekani. Na picha ya meno ya mbele, midomo ikiwa imefunuliwa. Nitumie kwa faragha. Wako masaisi wenzangu ambao bado wako Ngong, na saisi hasahau farasi aliyemsugua. Tukipata jina la mbio, tutaomba kitabu kwa jina, na kuomba kwa jina si sawa na kuomba "yule jike wa hudhurungi".

Picha hizo mpe na daktari, na uulizie kifaa cha chipu kwa madaktari wengine hapo mjini. Huwekwa upande wa kushoto wa shingo, katikati, chini ya singa.

La chakula: mwambie mwenye mali farasi aliyesimama hali chakula cha farasi wa mbio. Acheni mahindi kabisa. Nyasi kavu safi asubuhi, mchana na usiku, pumba kidogo zilizoloweshwa za kuchanganyia chumvi, basi. Gharama itapungua. Na kama kweli hawezi kumweka, asimuuze kwa mwingine wa ufukweni. Nina mtu wa Limuru mwenye malisho, nitazungumza naye leo baada ya isha.

Binti wa Tudor:

Nauli ya kumpandisha Limuru ikipatikana hesabu yake, iwekeni hapa. Nitachangia, na nitawauliza na wenzangu wa kaunta.

Mchuuzi wa Kongowea:

Nina binamu ana lori linalorudi Nairobi tupu baada ya kushusha mboga. Halina banda la farasi lakini lina kuta ndefu na turubai. Mzee, linafaa au anahitaji kitu gani ndani?

Saisi wa Mikindani:

Linafaa likitandikwa mchanga mkavu au maranda chini asiteleze, na kigogo cha kumgawia nafasi asiyumbe kwenye kona. Asafiri usiku, kwa sababu ya lile jasho. Barobaro apande naye.